Zamu ya Nyumba Yetu

Jumatatu, 4 Agosti

Daftari, salamu sana. Mimi nilifundishwa kuandika barua tu, kwa hiyo pokea salamu kama watu. Baba watoto hajambo. Mama mkwe hajambo, anakusalimu ingawa hakujui. Binti mkubwa hajambo, na kitinda mimba mafua yamepungua. Mbuzi nao wazima. Mimi sijambo, ila moyo — pu! pu!

Keshokutwa ni zamu yetu. Kijiji kilikataa hoteli huku mlimani. Kikundi chetu ndicho kinachogawa watalii, nyumba hii kisha ile. Sisi tunajaribiwa kwanza. Wageni wakilalamika, tunatolewa. Ee Mungu, nisitiri!

Jumatano, 6 Agosti

Wamefika! Mtu na mkewe, wote mvi, wamepanda kwa miguu. Kiswahili wanacho, cha kuombea maji.

Mimi nimejipanga. Mama mkwe na mabinti nimewahamishia kwa jirani, Fundi Cherehani. Baba watoto kajibanza jikoni. Nimeweka chakula, nimefunga mlango, nimeondoka kwa kunyata. Wageni wasisumbuliwe!

Mama mkwe katoka amenuna. Eti aliolewa nyumba hii mimi sijazaliwa, leo anafukuzwa na mashuka mapya.

Alhamisi, 7 Agosti

Aibu!

Asubuhi Mwenyekiti wa kikundi kaja kuwauliza wageni wamelalaje. Vizuri, wamesema. Ila nyumba kimya kama ina msiba. Wamemkosea nani?

Mwenyekiti akanivuta nyuma ya nyumba.

"Mama weee, kitanda hata mjini kipo! Hawa wamefuata watu. Watu wako umewaficha wapi?"

Nikatoka mbio mpaka kwa Fundi. Mama mkwe kajifanya hasikii. Nimembembeleza, wapi! Akasema harudi mpaka hao waliomtoa waje kumchukua wenyewe. Nikataka ardhi ipasuke. Lakini bwana mgeni alipoambiwa — kavaa viatu, kaenda! Kamshika mkono mteremko mzima, kambebea na kigoda chake.

Jioni jikoni hapakutosha. Mama mkwe kampa mgeni wa kike kisu, wamenye viazi. Halafu anamsimanga: huko ni kumenya au kuchonga kinyago? Mgeni hakuelewa neno, kacheka mpaka machozi. Baba watoto naye! Mwaka huu sijamsikia akicheka hivyo.

Ijumaa, 8 Agosti

TUMEPITA! Mwenyekiti kapita asubuhi na kusema tumo kwenye zamu. Nimepiga vigelegele, mbuzi wamekimbilia bondeni.

Sasa kasheshe. Leo wageni wanahamia kwa Fundi, ni zamu yake. Wao hawataki! Eti wanabaki kwa bibi. Fundi kasimama mlangoni, shati limepigwa pasi. Mkewe ameshatandika. Fundi anauliza mbona tunawang'ang'ania, tumewapa nini? Nikacheka — Mungu anisamehe, kwa raha! Jana nilikuwa naomba wasilalamike, leo hawaondoki.

Lakini zamu ni zamu. Tukianza kunyang'anyana wageni, kikundi kitakufa. Nimewaambia hivyo. Mama mkwe kasema nyamaza wewe.

Mwenyekiti simu hapokei. Nimemtumia ujumbe: Mwenyekiti, salamu, huku wote hatujambo, uamuzi ni wako, ila nakuomba ujibu upesi sana, maana Fundi ameshika begi la wageni upande huu, mama mkwe kashika upande ule, na bwana mgeni anawapiga picha —