Onyo Lililofunguka Pasipo na Skrini

Nyumbani kwa akina Liao,
Kando ya Mfereji, Taiwan Kusini.
19 Agosti

Mpendwa mdogo wangu Su-e,

U hali gani huko Vancouver, na mgongo je, umepata nafuu? Mama hajambo. Kila asubuhi anakula uji wake wa viazi vitamu huku akilalamika kwamba sijui kuupika kama wewe. Mwili wangu mzima, ila moyo haujatulia.

Unamkumbuka Chiu Tien-fu, mwenzangu wa kituo cha mifereji. Yeye ndiye anayekaa kwenye kompyuta ya maji. Mto ukipanda kule milimani, dirisha jekundu la onyo hufunguka na kupiga king'ora, naye hufungua milango ya kupunguzia maji na kuwapigia simu watu wa bondeni.

Kompyuta hiyo ya Linux ilikuwa na skrini mbili. Mwanzoni mwa mwezi wakubwa walikuja kukagua, Tien-fu akiwa likizo. Nikachomoa skrini ya kulia, nikaipeleka chumba cha mkutano, na sikuirudisha. Aliporudi akaniuliza, nikamjibu, "Moja inakutosha, kaka, kwani una macho mangapi?" Tukacheka, yakaisha.

Jumatano iliyopita mvua kubwa ilinyesha milimani, huku kwetu jua linawaka. Saa kumi alasiri maji yakapita ukingo. Yalimkuta Bi Hsieh Yueh-mei, yule mfuga bata, bandani kwake. Watu walimtoa kwenye mianzi alikosukumwa na maji, akiwa hai, nyonga imevunjika. Bata wote wamekwenda.

Tien-fu aliapa kwamba hakutoka kitini wala hakuona onyo lolote. Lakini kumbukumbu za kompyuta zilionyesha kuwa onyo lilitoka saa tisa na dakika kumi. Wakasema alisinzia, wakamsimamisha kazi. Nilikuwapo, Su-e, na mimi pia niliamini.

Ijumaa wakaniweka kwenye kiti chake. Nikaona, chini kabisa ya skrini, jina dogo la dirisha la onyo. Nikalibofya, hakuna kitu. Nikabofya tena; hakuna. Nikabonyeza Alt na F7 pamoja, vitufe vya kusogezea dirisha, kisha mshale wa kushoto, nikaushikilia. Dirisha jekundu likaanza kuingia polepole kutoka upande wa kulia. Lilikuwa limefunguka mahali palepale pa zamani, kwenye skrini niliyoichomoa, ambayo kompyuta bado iliihesabu kuwa ipo. King'ora nacho kilikuwa kikitokea kwenye spika za skrini hiyohiyo.

Hakuna aliyejua ila mimi. Ningeweza kuirudisha kimyakimya. Nilikaa nikiwaza hivyo muda mrefu, sikufichi.

Kisha nikairudisha skrini mahali pake, nikaenda kwa Tien-fu. Alikuwa uani akiosha mapera. Nilimweleza yote, naye akaendelea kuosha.

"Tangu juzi najiuliza kama kweli nilisinzia," akasema. "Mpaka nikaanza kukubali."

"Nisamehe, kaka."

"Mimi umenikuta nyumbani kwangu. Yule mama yuko hospitali. Nenda kwake, halafu nenda kwa wakubwa. La kusamehe, si leo."

Bi Hsieh alinisikiliza hadi mwisho, macho yake darini. "Hiyo skrini umeirudisha?" akauliza. Nikasema ndiyo. "Haya, nenda. Nimechoka."

Kwa wakubwa nimekiri na kutia sahihi. Sasa aliyesimamishwa ni mimi. Tien-fu ameitwa arudi, hajarudi. Mkewe aliniona sokoni juzi, akavuka barabara.

Najua Shangazi Bao-chu amekwisha kukupigia simu akakwambia Tien-fu alilala kazini, na wewe huenda umewaambia watu wetu wa huko. Nakuomba uwapigie mmoja mmoja. Usiseme ilikuwa bahati mbaya ya kompyuta. Waambie ni kaka yako.

Msalimie shemeji Chun-hsiung, na Yi-ting umbusu kwa niaba ya bibi yake. Mungu wa Ardhi awalinde mlangoni mwenu.

Kaka yako akupendaye,
Mao-sheng