Visanduku Kwenye Jina la Mama

Mjukuu wangu Elia,

Hadi leo nasikia kile kidoko, ulimi wa mama yangu ukigonga kaakaa alipojitaja jina kwa Kisandawe. Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Hapa mtaani Area D tu wazima, na babu yako ameanza tena kutembea. Usinicheke kujiita bibi. Nimekuzidi miaka michache, lakini ukoo ndivyo ulivyotupanga.

Unauliza kama ufute alama za vidoko kwenye majina, kwa kuwa ukurasa wa ukoo mtandaoni unaonyesha visanduku vitupu mahali pake. Mimi nilizifuta. Mama alipofariki niliweka tangazo mtandaoni, visanduku vikatokea, nikaliandika jina bila alama. Mjomba, kaka yake mama, alikuja kuzika kutoka Chemba, akaniomba nimsomee tangazo. Nikasoma kama lilivyoandikwa.

“Sasa huyu tunayemzika ni nani, binti?”



Baadaye nilijifunza kwamba ukurasa ulipaswa kuwekewa UTF-8, mfumo unaobeba herufi za lugha zote, na kupewa fonti yenye alama zetu.

Usifute kitu. Asubuhi hii nimeingia kwenye ukurasa huo wa ukoo nikarekebisha yote mawili, na jina la mama sasa linasomeka zima.

Bibi yako,
Neema