Chai ya Wawili

Mwenzako leo kaumbuka darasani. Kaumbuka mchana kweupe!

Mwalimu wa fasihi kaandika shairi ubaoni, mistari miwili tu: "Kikombe chako bado kiko msumarini, / na chai naipika ya wawili." Akauliza, mshairi huyu ana nini?

Darasa zima: ana hamu na aliyeondoka. Mwenzako akasimama kama jaji mkuu, akakohoa kidogo. "Mwalimu, huyu ana wivu. Aliyeondoka keshapata wa kunywa naye chai huko, tena anachekelea."

"Wivu umeuona mstari gani?"

"Si yule mrefu wa kwenye picha!"

Mdomo uliponza kichwa. Shairi lenyewe halina picha!

"Picha gani, mwanangu?" Halafu kicheko, hadi madirisha yakatetemeka.

Picha uliyonitumia jana, wewe, kutoka hiyo shule yako mpya. Umemwekea mkono begani yule twiga, mnacheka kama mliozaliwa tumbo moja.

Jina lake sikuulizi. Wala sina wivu, mwenye wivu ni mshairi.

Ila sweta aliyovaa ni yangu. Nilikupa wewe, siku unahama.

Mwambie aivue.