Mpiga Kura wa Nyumba Yetu

Yuma, Novemba

Dada Hermelinda,

Sote wazima. Mavuno ya saladi yameanza, na mgongo unanikumbusha umri wangu.

Huku Marekani uchaguzi ulipamba moto. Siku moja jirani yetu, mzee Duane, alibisha hodi na bango la mgombea wake: "Wasio na karatasi za uhamiaji warudi kwao." Akaomba alisimike mbele ya nyumba yetu.

"Si nyinyi, Otilia," akasema. "Nyinyi watu wema."

Miaka ishirini, dada, na hajui kwamba mimi ndiye ninayesemwa kwenye bango. Binti yangu Citlali, aliyezaliwa hapa na ambaye sasa ametimiza miaka kumi na nane, akatokea jikoni.

"Samahani, babu Duane, hapa hatuliweki. Mpiga kura wa nyumba hii ni mimi."

Mzee akacheka. "Haya, bosi!" Akaondoka na bango lake na tamale tatu za unga wa mahindi nilizomfungia.

Jumanne nilimpeleka Citlali kwenye kituo cha kura, nikamsubiri garini. Alitoka akitembea kama bibi harusi.

"Umempa nani kura?"

"Siri, Mama."

"Hata kwangu niliyekuzaa?"

"Hata kwako!"

Nilicheka mpaka machozi.

Mgombea wa Duane ameshinda. Kwenye misa ya kutimiza mwaka tangu Mama afariki sitakuja huko nyumbani. Nikivuka mpaka, sitaruhusiwa kurudi tena kwa mwanangu. Niwashie mshumaa, usimweleze mtu sababu.

Lakini Jumanne ile sikuogopa kitu. Tulinunua aiskrimu, tukala tumeegemea gari, juani, mbele ya watu wote.

Mdogo wako akupendaye,
Otilia