Kiganja cha Babu Verlon

Kezia, sikiliza. Niko garini nje ya duka la Dupree la vifaa vya uvuvi, Babu yuko ndani.

Tulikuja kuchagua ufito mtupu, usiofungwa mpini bado, nimtengenezee fimbo ya kuvulia krapi, wale samaki wa ziwani. Tangu kile kiharusi anaapa mkono umepona.

Unajua krapi anavyogusa chambo kidogo tu. Usipomhisi, huna la kufanya ziwani. Basi Babu akashika shina, ule upande mnene wa ufito, mimi nikawa samaki, nagusa ncha kwa kucha, naye akinihisi aseme "Huyo."

Ufito wa kwanza, "Huyo." Wa pili, "Huyo." Ila macho yake yako kwenye kidole changu.

Wa tatu nikachezesha kidole bila kugusa.

"Huyo. Mzito kabisa."

Kezia, sikugusa. Sikugusa kabisa. Dupree mwenyewe kaona, kainamisha kichwa.

Nikamwambia, "Babu, fumba macho." Akasema, "Unanipima mimi au ufito?" Lakini akafumba. Nikalilaza shina juu ya mkono wake, kutoka kiganjani likafika karibu na kiwiko. Nikasubiri sana. Nikagusa.

"Huyo."

Nikaacha kugusa. Hakusema "Huyo." Nikagusa.

"Huyo. Kiganja kimekufa, mjukuu. Nahisi huku juu tu, basi mpini ufike hapa kwenye kiwiko."

Nimetoka kuchukua futi ya kupimia, nimeshindwa kurudi ndani.