Mti Huarifiwa Kwanza

Daegu, 28 Septemba 2004

Kwa Bibi yangu adui wa simu,

Umeamkaje? Magoti yanasemaje, na lile sikio la kushoto bado limefunga duka? Mimi mzima kama figili ya bustani yako, ila mzuri zaidi wa sura.

Barua yako nimeisoma. Kwamba Mzee, mti wetu wa kijiji, amekauka utosi. Kwamba tawi limeanguka likatoboa paa la kibanda cha kupumzikia, bahati mbaya Mwenyekiti Gu hakuwemo. Na kwamba Mwenyekiti ametangaza Mzee asipotoa majani machipuko yajayo, ataletewa msumeno, maana kijiji hakiwezi kusubiri kuuawa na mti wake.

Mwambie atulie, mjukuu wako yuko hai. Shule niliikimbia, hilo silifichi, lakini katika hospitali hii ya miti hakuna anayenifikia kwenye kamba. Wenzangu wananiita tumbili, mimi nawaita ndizi. Nimeshapanda miti ambayo ukiitazama tu kofia inaanguka.

Ugonjwa wa Mzee ni njaa, basi. Mmwagieni mbolea shinani, gunia zima, msimfanyie uchoyo. Halafu utaniletea shukrani pamoja na kimchi, kabichi yako ya kuchachusha, maana ya huku ni kama imetengenezwa na mtu aliyechukia kabichi.

Mjukuu wako,
Dal-su


Batgol, 10 Oktoba 2004

Kijibwa changu,

Umekula? Umevaa soksi? Kimchi inakuja na basi la Jumamosi, na usiwape wenzako yote ili wakusifu.

Mbolea tumemwaga. Mwenyekiti mwenyewe alibeba gunia mgongoni huku akinung'unika. Majani yaliyobaki yakaungua kingo, yakaanguka kabla ya wakati wake. Sijui hiyo ni njaa gani ya mtu asiyetaka kula.

Mimi siwezi kuelewa, Dal-su, kwa sababu Mzee hajawahi kukosa matunzo. Kila mwaka, mwezi wa kwanza wa kalenda yetu ya zamani unapokuwa mpevu, naoga maji ya baridi, nampelekea pombe nyeupe ya mchele, namfunga kiunoni kamba mpya ya majani ya mpunga iliyosokotwa kwa kushoto. Tangu vita viishe, hakuna mtoto wa Batgol aliyewahi kuokota hata kijiti chake akakitia jikoni. Na mwaka ule baada ya mafuriko, mizizi ilipobaki nje ikikanyagwa na kila mpita njia, kijiji kizima tulibeba udongo mweusi wa mtoni tukamfunika mpaka kiunoni, tukajenga ukuta wa mawe kuuzuia usimomonyoke. Babu yako alifurahi siku ile. Alisema, sasa Mzee amejifunika shuka.

Akikatwa yeye, mimi mlinzi wake nitakuwa mlinzi wa kisiki. Nakuuliza wewe uliyeko kwenye hospitali: anaumwa nini?

Bibi yako


Daegu, 30 Oktoba 2004

Bibi,

Shikamoo kubwa, na kimchi imefika. Nimewagawia kidogo. Haya, nusu.

Nilimsomea barua yako Bi Tak, daktari wa miti, ambaye ndiye bosi wangu. Tulikuwa mezani. Nilipofika pale pa shuka alishusha vijiti vyake, akaniambia nirudie, nikarudia. Akauliza ni nani mwenye akili aliyeagiza mbolea. Nikawa nimepata shughuli kubwa ya kuchambua mwiba wa samaki.

"Bibi yako amemfunika mtu blanketi mpaka usoni," akasema, "na wewe umekuja kumsukumia chakula mdomoni."

Bibi, nilidhani mizizi kazi yake ni kunywa tu. Kumbe inapumua! Mizizi myembamba, ile inayofanya kazi, inakaa juu juu kwenye udongo kwa sababu huko ndiko kuna hewa, na inatambaa mbali kupita kivuli cha matawi. Ukiimwagia udongo mzito juu yake inakufa polepole, mwaka hadi mwaka, na wa kwanza kupata habari ni utosi, kwa kuwa ndiko maji yanakofika mwisho. Na mti hauli mbolea. Chakula chake unakipika wenyewe kwenye majani, kwa jua. Mbolea kwenye mizizi migonjwa ni chumvi kwenye kidonda.

Sisemi haya kukuuma. Mlimpenda mpaka mkamziba pumzi, basi. Mimi nilimuunguza bila hata kumpenda sana, nilikuwa najisifu tu. Tunakuja baada ya mavuno.

Mjukuu wako, bingwa wa mbolea


Daegu, 26 Novemba 2004

Bibi yangu uliyejifungia ndani,

Vipi hali? Supu yako bado naihisi tumboni, nzuri kuliko mwenye kuipika.

Najua kwa nini hukutoka siku tulipomfukua Mzee. Ulisema si adabu kumtazama mkubwa akivuliwa. Basi macho yalikuwa yangu, acha nikusimulie.

Hatukutumia jembe. Tulikuwa na bomba linalopuliza upepo mkali, udongo unaruka, mzizi unabaki bila mkwaruzo. Mwanzoni ilikuwa huzuni tupu. Harufu ilikuwa chungu, kama chungu cha kimchi kilichosahauliwa. Upande wa kaskazini ile mizizi ya zamani, minene kama migongo ya ng'ombe, ilikuwa myeusi, gamba linachomoka mkononi. Imekufa. Mwenyekiti Gu alikuwa amesimama pale mikono nyuma, na uso wake ulishaanza kunoa msumeno.

Mimi nikasogeza bomba juu kidogo, kwenye ule udongo wenu wa mtoni, ili niumalize. Bi Tak akanishika mkono ghafla. Akapiga magoti matopeni na suruali yake safi.

Bibi, ndani ya udongo ule mlioubeba kulikuwa na mizizi mipya. Myembamba kama nywele, maelfu, rangi ya chai ya shayiri, inanukia mvua. Ilikuwa imetoka kwenye shina lenyewe, mahali ambapo mzizi hautakiwi kutoka. Mzee alipoona miguu yake inakufa huko chini, aliota mingine kiunoni, akapanda nayo kuifuata hewa. Miaka yote ile sisi tunapita na baiskeli, yeye anafanya hiyo kazi gizani na hatuna habari.

Bi Tak aliigusa mmoja mmoja kwa kidole. Mwisho akasema, "Amehama. Amehama bila kuondoka."

Lau tungekuja kiburi mbele na kuondoa udongo wote kama nilivyotaka mimi, tungemmaliza siku hiyo hiyo. Kwa hiyo kaskazini tumeuacha, tumeubomoa ukuta tu ili hewa ipite. Kusini, ambako mizizi ya zamani bado inaishi, tumefungua mpaka shingo ya shina imeonekana. Imetanuka chini kama sketi. Mimi nimekulia pale na nilikuwa sijawahi kuiona.

Kisha nikaingia ndani ya shimo la shina na nyundo ya mbao, nagonga nasikiliza. Nilidhani kuwa na uwazi ni kuoza hadi kufa. Bi Tak anasema hata mti wenye afya, moyo wake ni mbao iliyokufa, kinachoishi ni ganda jembamba la nje tu. Na mti haujui kuponya kidonda kama sisi. Unakijengea ukuta, unakiacha ndani, unaendelea kuota mwili mwingine nje yake. Nilikaa mle gizani nimegusa ukuta huo. Nilichelewa kutoka mpaka bosi akachungulia kuuliza kama nimezimia.

Sasa jambo lenyewe. Mizizi iliyobaki haiwezi kulisha kichwa kikubwa kile, na upepo ukija na uzito ule shina litapasuka. Lazima utosi ushushwe hadi kwenye vichipukizi vilivyo hai, kabla ya machipuko. Kwenye mti kama huu hupandi na viatu vya miiba, unapanda kwa kamba na ulaini, na mwenye ulaini huo ni mmoja tu. Hutaki nijisifu, nimenyamaza.

Ila Bi Tak hagusi mti wa kijiji bila mlinzi wake kuuarifu kwanza. Tunasubiri neno lako.

Dal-su


Batgol, 8 Desemba 2004

Dal-su,

Theluji imeanza. Natumaini unakula.

Nimefurahi kuhusu mizizi. Nilitoka nikaenda kuiangalia peke yangu, nikaifunika na majani makavu kama daktari alivyoagiza.

Kuhusu kukata, sikiliza. Mwaka wa vita, watu wakila magome, kijana mmoja jirani yetu alipanda kwa Mzee akakata tawi la kuni. Hakuuona mwezi uliofuata. Wewe utasema ni njaa na baridi. Sema. Mimi ndiye niliyemvisha mama yake nguo za msiba.

Kama Mzee lazima akatwe, wamtafute mtu mwingine apande. Si wewe. Nimemzika babu yako, nimemzika baba yako. Sitamwarifu Mzee.

Bibi


Daegu, 27 Desemba 2004

Bibi yangu,

Habari za baridi? Mimi sijambo. Leo sina mzaha, au ninao kidogo tu.

Barua yako nimeisoma mbele ya Cheon, mwenzangu wa kamba. Nikigoma mimi, anayepanda ni yeye. Hana ulaini, lakini anaye bibi, huko Uljin, anayemtumia samaki wakavu kila mwezi. Aliposikia akasema hakuna neno, yeye atapanda. Akaendelea kupiga mafuta msumeno wake, hata hakuinua kichwa.

Bibi, nikimtuma mwingine, nimemtuma mjukuu wa bibi mwingine.

Nasema hivi nikiwa na woga. Tangu nitoke mle ndani ya shina, Mzee simchukulii kama mti wa kufanyia majigambo. Ukisema hapana, tutabaki chini sote, na mti upasuke wenyewe. Lakini ukisema apande mtu, awe wako.

Dal-su


Daegu, 5 Februari 2005

Bibi,

U mzima? Mwezi umeisha hujajibu. Basi la Jumamosi halikuleta kitu. Hata matusi yangetosha.

Mjukuu wako


Batgol, 24 Februari 2005

Kijibwa changu,

Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nafikiri, na wewe hujui kazi hiyo ilivyo nzito.

Jana mwezi ulikuwa mpevu. Niliosha mwili, nikavaa nguo nyeupe, nikaenda kwa Mzee na pombe na mikate ya mchele. Watu wote walikuwepo. Nilimwarifu kwa sauti, maana huenda naye hasikii vizuri. Nikamwambia: utakatwa kichwa ili uishi. Mkono utakuwa wa kijana, lakini amri ni yangu mimi. Ukiwa na hasira, mlango wangu unaujua.

Mwenyekiti alijaribu kunikatiza. Nikamwambia anyamaze, nazungumza na mkubwa.

Njooni. Uvae soksi mbili.

Bibi yako


Daegu, 12 Machi 2005

Bibi,

Salamu toka kwa mtu aliye hai, mwenye vidole vyote, nimevihesabu.

Ulisema nisipande ila wewe umeketi pale chini, na kweli uliketi kwenye mkeka tangu asubuhi, chai hutaki, blanketi hutaki. Lakini kutoka huko uliona soli za viatu vyangu tu. Sikia nilichokiona.

Nilidhani juu ni ukavu mtupu. Kwenye mapaja ya matawi yale makubwa kumejaa udongo mweusi wa majani ya zamani, na ndani yake kuna vimimea vya kivulini na kimti kidogo cha msonobari kinajiotea, na kiota cha bundi. Ni kijiji, Bibi, juu ya kijiji chetu. Upepo ulipokuja, Mzee akasogea, si kwa kutikisika, kwa kupumua, na mimi nikasogea naye. Nilisema samahani kwa sauti. Cheon alicheka kwenye redio yetu ya mawasiliano, halafu akaacha.

Kila tawi nilikata nje kidogo ya ile mikunjo inayolizunguka shina lake, maana humo ndimo mti unamojengea ukuta wake. Hatukupaka rangi wala lami. Nilitaka kuendelea kushuka, Bi Tak akasema basi, tusimchukulie zaidi ya anachoweza kutoa, mengine miaka ijayo.

Nilipofika chini uliinuka kwenye mkeka. Ulinishika sikio kwa nguvu mpaka leo linauma.

Sasa hatuna la kufanya. Bi Tak anasema sisi tumempa hewa na tumempunguzia mzigo, kuishi atajiishia mwenyewe. Nitasubiri barua yako kuliko mshahara. Na wewe mwenyewe, ukisikia hata mafua, niandikie.

Dal-su


Batgol, 29 Aprili 2005

Kijibwa changu,

Umekula? Mimi nimekula, tena mara mbili leo.

Miti ya mabondeni yote ilishachipua, Mzee kimya. Kila asubuhi watu walikuwa wanapita kuangalia kama ametoa jani, halafu wanazunguka kwangu kuangalia kama nimeamka. Hawakusema, lakini mtu haji kuazima chumvi alfajiri siku zote. Mwenyekiti Gu alikuwa anakohoa mlangoni mpaka nikohoe na mimi, ndipo anaondoka. Msumeno wake aliuweka barazani, ameufunika gunia.

Leo alikohoa, nikakohoa, hakuondoka. Alisema, "Mama, toka. Toka uone."

Nilikwenda na ndara. Matawi ya juu uliyoyaacha yalikuwa na ukungu wa kijani, kidogo. Lakini si huko, Dal-su. Ni kwenye shina. Kwenye gamba lenyewe, lile gumu kama jiwe, usawa wa uso wangu, majani yalikuwa yametoboa, mekundu kidogo bado, yamekunjamana kama masikio ya mtoto aliyezaliwa usiku. Shina lote, kuzunguka. Nimemtazama Mzee tangu naletwa hapa kuolewa, na sikuwahi kujua kwamba chini ya ngozi ile alikuwa ameyaficha.

Watu walivua kofia. Mimi nilisimama pale, magoti yameacha kuuma, na Mwenyekiti ananitazama mimi, anautazama mti, ananitazama mimi.

Kila asubuhi walikuja kuwaangalia wazee wawili. Leo wamewakuta wote macho.

Bibi yako