Dada Hasikii Kiu

Jumatatu, 12 Januari
Kosa la wengi ni kudhani kiu hukaa kooni. Kiu hutengenezwa ubongoni: damu ikizidi chumvi, ubongo hupata habari, ndipo mtu anapotafuta maji. Nimefundisha hayo hadi kustaafu.
Tumefyeka shamba la juu hapa Kwedizinga. Dada Mwanaidi amefunga. Analipa siku sita alizokula Ramadhani iliyopita alipougua. Jua kali. Nimemwuliza kama ana kiu. Hana. Nimeridhika.

Jumanne, 13 Januari
Futari: tende mbili, chai kikombe kimoja, basi. Nikamsogezea jagi la maji.
"Mwalimu, koo ni langu. Umelitungia mtihani?"
Wajukuu wakacheka. Na mimi nikacheka.

Jumatano, 14 Januari
Hakula daku. Hasikii njaa wala kiu. Anajisifu kwamba mwili umezoea. Mchana midomo imekauka. Alilitafuta panga muda mrefu, nalo liko mkononi mwake. Nikamwuliza tena. Hana kiu.
Sipendi hali hii.

Alhamisi, 15 Januari
Ameanguka shambani. Ameniita kwa jina la marehemu baba. Tulimpakia kwenye bodaboda, mimi nyuma nikimshikilia, hadi hospitali Handeni. Mkojo kidogo, mweusi kama chai ya rangi. Dripu. Daktari anahofia figo.
Naogopa.
Uzeeni ile habari ya chumvi huufikia ubongo ikiwa hafifu. Mwili unakauka, ubongo haumsukumi mtu kunywa. Mara mbili nimemwuliza shahidi kipofu, nikaandika jibu lake. Nilijua. Nimejichukia.

Ijumaa, 16 Januari
Dripu ya tatu. Tangu alfajiri hakuna mkojo. Daktari kasema usipotoka hadi jioni, apelekwe hospitali kubwa. Sikwenda Ijumaa. Nimekaa naye, macho kwenye mfuko wa mkojo, mtupu.
Saa kumi umetoka. Nimelia mbele ya wauguzi.

Jumapili, 18 Januari
Nyumbani. Shehe wa msikiti wetu amekuja: asifunge tena, alishe maskini kwa siku zilizobaki. Dada amenuna.
"Mhina, umenishtaki kwa shehe!"
Amenuna vizuri, kwa akili timamu. Nimemwacha anune. Yupo kivulini, anachambua mchicha.
Leo: kila adhana, mpe glasi ya maji, kaa naye hadi aimalize. Usimwulize kama ana kiu.